UZI: Nembo ya bandari ya Sandwich, nusu simba nusu merikebu. Ule ni mkataba, si pambo

Tezi na Omo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nembo za mataifa tumezijadili sana. Leo naomba tushuke hadi kwenye kimji kimoja kidogo cha bandari ambacho nembo yake naipenda kupita nyingi za mataifa, na naona haipewi haki yake. Mji unaitwa Sandwich, uko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Wakazi wake ni kama 5,000 tu.

Nianze na mchoro wenyewe. Ngao imegawanywa katikati kwa mstari wa wima. Ukiitazama, upande wa kushoto ni mwekundu na wa kulia ni buluu. Kwenye wekundu kuna simba watatu wa dhahabu, mmoja juu ya mwenzake, wanatembea huku wameinua mguu mmoja wa mbele na nyuso zao wamekugeuzia wewe unayetazama. Lakini simba hawa wanaishia kiunoni. Pale mstari wa katikati unapopita, mwili wa simba unakoma, na mahali pa mapaja na mkia panatokea tezi ya merikebu, yaani sehemu yake ya nyuma, ya rangi ya fedha, kwenye uwanja wa buluu. Simba watatu, tezi tatu. Mbele mnyama, nyuma chombo.

Wengi wakiiona wanadhani ni dubwana la hadithi, kama yale ya farasi wenye mabawa. Mimi nasema ile ngao ni mkataba uliochorwa. Upande mmoja amesimama mfalme, upande wa pili wamesimama mabaharia, na ule mstari wa katikati ndipo walipopeana mikono.

Ngoja nieleze mkataba wenyewe ulikuwa wa nini.

Zamani wafalme wa Uingereza hawakuwa na jeshi la maji la kudumu. Mfalme akitaka kuvuka kwenda Ufaransa, au akisikia adui anakuja, ilimbidi atafute vyombo vya watu. Bandari zilizokuwa karibu zaidi na Ufaransa, pale mlango bahari unapobana, zikawa ndizo za kutegemewa: Hastings, New Romney, Hythe, Dover na Sandwich. Zikaungana, zikaitwa Bandari Tano, jina lao la tangu kale likiwa Cinque Ports. Baadaye Rye na Winchelsea nazo zikaingia kwa heshima ileile, na miji midogo kadhaa ikajishikiza chini yao kusaidia kubeba mzigo.

Mzigo ulikuwa huu: kila mwaka, mfalme akihitaji, Bandari Tano zinatoa merikebu 57 kwa siku 15 bila malipo, kila merikebu ikiwa na wanaume 21 na kijana mmoja. Piga hesabu utapata watu 1,254. Katika orodha ya mwaka 1229 Dover na Hastings zinabeba merikebu 21 kila moja, Sandwich, Romney na Hythe tano tano. Siku 15 zikiisha na mfalme bado anawataka, analipa kutoka mfukoni mwake.

Na wao walipata nini? Wakasamehewa kodi na ushuru mwingi ambao miji mingine ililipa. Wakawa na mahakama zao wenyewe na haki ya kuwahukumu wezi waliowakamata. Wakapewa haki juu ya mali iliyookotwa baharini na ufukweni. Mfalme Edward I aliwaandikia hati ya pamoja mwaka 1278. Watu huru wa bandari hizi, wavuvi na wafanyabiashara, wakaitwa mabaroni, cheo ambacho kwingineko ni cha makabaila wenye ardhi. Na mfalme akitawazwa, mabaroni wa Bandari Tano ndio waliobeba kitambaa cha heshima juu ya kichwa chake. Kwenye kutawazwa kwa Malkia Eleanor mwaka 1236 walikuwepo, na mara ya mwisho kulibeba lile pazia ilikuwa mwaka 1821, siku ya George IV.

Sasa tazama tena ngao. Simba watatu wa dhahabu kwenye wekundu ni nembo ya mfalme wa Uingereza, ilivyo tangu muhuri mkuu wa pili wa Richard I wa mwaka 1198. Merikebu ni zao. Mfalme anatoa nusu, bandari inatoa nusu.

Karibuni tuchangie.

Kasia

Mkuu nimesoma yote, ahsante. Ila nina swali. Simba ni alama ya mfalme, sasa kumkata katikati si kumdharau? Nani aliruhusu mfalme akatwe kiuno?

Tezi na Omo

Swali zuri Kasia, na jibu lake ndilo linaloifungua nembo yote.

Karne ya 13 kukata nusu ilikuwa njia ya kawaida na ya heshima ya kuunganisha nembo mbili. Mume na mke wakioana, fundi alichukua ngao ya mume akaikata wima, akachukua ya mke akaikata wima, kisha akazigandisha nusu kwa nusu ziwe ngao moja. Mume alikaa upande wa kulia wa mwenye kuibeba ngao, ambao kwa mtazamaji ni kushoto, na huo ndio upande wa heshima. Kwenye ngao ya Sandwich upande huo amepewa mfalme. Hapo hakuna dharau hata kidogo, amewekwa mahali pa mkubwa.

Mji wa Chester nao walifanya vilevile: nusu moja ni simba watatu wa mfalme, nusu ya pili ni miganda mitatu ya ngano ya mtawala wa Chester. Kule simba wanakatwa wakutane na ngano, na macho yanaona mara moja kwamba ni ngao mbili zimeunganishwa. Tatizo, au tuseme bahati, ya Bandari Tano ni kwamba simba watatu walikutana na merikebu tatu, zote zimelala kwa urefu, zote zimepangwa juu na chini. Kila kiuno kikagota kwenye mbavu za chombo. Viungo vikakubaliana, ikawa kama mwili mmoja.

Ukataji huu uliachwa baadaye kwa sababu hiyo hiyo, ulikuwa unazaa viumbe visivyoeleweka. Mafundi wakahamia kwenye kuzibana ngao mbili nzima ndani ya moja bila kukata kitu. Nembo za bandari hizi zilibaki na ukataji wa kale, kwa hiyo ukiiona tu unajua ni ya zamani kiasi gani.

Bint Mvuvi

Mleta uzi, uzi wako ni mzuri na nimejifunza. Lakini niruhusu nikupinge kidogo.

Wewe mwenyewe umesema kukata nusu ilikuwa mtindo wa zama zile. Sasa kama ulikuwa mtindo, huu mkataba umeutoa wapi? Huenda fundi aliambiwa tu "weka alama ya mfalme na alama ya bandari", akafanya kama mafundi wote walivyofanya. Sisi watu wa leo ndio tunakuja kuipa maana kubwa ambayo yeye hakuiwazia. Mji wowote wenye baraka ya mfalme ungeweza kuweka simba. Na pia hiyo merikebu ni merikebu tu, miji mingi ya pwani ina merikebu kwenye nembo. Naona tusipakie chombo shehena kisichoweza kubeba.

Tezi na Omo

Bint Mvuvi, pingamizi lako lina uzito na nalipokea kwa heshima. Nijibu kwa mambo matatu.

La kwanza, nakubaliana nawe kabisa kuhusu njia. Kukata nusu ni mtindo, fundi hakuubuni kwa ajili ya Sandwich. Ninachokitazama ni nini kilichounganishwa. Fundi hakuunganisha simba na mtakatifu wa mji, ingawa Dover wana Mtakatifu Martin wao kwenye muhuri, anakata joho lake ampe maskini. Hakuweka samaki, ingawa samaki ndio walioilisha Sandwich: kitabu kikubwa cha hesabu za ardhi cha mwaka 1086 kinataja heringi 40,000 ambazo mji ulipaswa kuwatolea watawa wa Canterbury. Aliweka kile hasa walichokuwa wanamtolea mfalme kila mwaka, yaani vyombo.

La pili, ni bandari zaidi ya moja zenye ngao hiyo. Muungano mzima wa Bandari Tano unaitumia, na Rye na Sandwich nazo. Ngao moja kwa miji mingi haiwezi kuwa sifa ya mji mmoja. Ni alama ya kile kilichowaunganisha, na kilichowaunganisha ni ule wajibu wa merikebu 57 na zile haki walizopata badala yake. Nje ya hapo Hythe na Hastings walikuwa washindani wa kawaida wa biashara.

La tatu, na hili ndilo ninaloliona zito zaidi, mfalme naye alikuwa na sababu ya kutaka simba wake waonekane pale. Mabaharia wa bandari hizi hawakuwa watu wapole. Walikuwa maharamia pia, na kila nahodha wa Mlango Bahari alilijua hilo. Kwenye vita vya makabaila vya 1264 na 1265 walimuunga mkono Simon de Montfort, kiongozi wa makabaila, dhidi ya mfalme Henry III. Mwaka 1293 walipigana na mabaharia wa Normandy vita vyao wenyewe, na ugomvi ule ukasaidia kumwingiza Edward I vitani na Ufaransa. Mfalme aliwahitaji na aliwaogopa. Haki alizowapa zilikuwa malipo, na zilikuwa kamba pia.

Na kwa Sandwich kuna jambo la pekee. Bandari hii haikuwa ya mfalme moja kwa moja hadi mwaka 1290, ilikuwa ya watawa wa Canterbury. Kuna hati ya mwaka 1023 yenye jina la mfalme Canute, inayowapa watawa ushuru wa bandari pande zote mbili za maji. Mpaka wa haki yao ulipimwa hivi: maji yakijaa, mtu anasimama kwenye chombo anarusha shoka dogo kuelekea nchi kavu, na linapoangukia ndipo haki ya watawa inapoishia. Mwaka 1290 Edward I aliichukua bandari kwa kuwapa watawa mali kwingineko. Kwa hiyo simba wa Sandwich ana maana ambayo wa Dover hana. Anasema mwenye mji ni nani, baada ya karne za watawa.

Mzee wa Mihuri

Vijana, mmenifurahisha. Mimi ni mtu wa mihuri kuliko ngao, nichangie upande huo kwa sababu nembo hizi zilizaliwa mihurini.

Kabla mji haujawa na ngao, ulikuwa na muhuri wa kugandamiza kwenye nta ili barua ya mji iaminike. Mihuri ya bandari hizi ya karne ya 13 inapendwa sana na wanaochunguza vyombo vya kale, maana mchongaji alichonga chombo alichokijua. Muhuri wa Sandwich una merikebu nzima ya mlingoti mmoja, ina ngome ndogo za mbao mbele na nyuma, na mashua yake imepakiwa juu katikati. Wa Winchelsea una wapiga tarumbeta juu ya ngome ya nyuma na watu wanavuta kamba ya nanga. Wa Hastings una vita: chombo kimoja kimekigonga kingine, na kichwa cha mtu kinaelea majini.

Zile ngome za mbao ni jambo la kuangaliwa. Zilikuwa sehemu ya wapiga mishale kusimama. Vita vya baharini wakati ule vilikuwa kukaribiana, kurusha mishale na mawe kutoka juu, kisha kurukia chombo cha adui. Chombo cha kuvulia samaki kiliweza kugeuzwa cha vita kwa kujengewa ngome hizo. Ndiyo maana mpango wa Bandari Tano uliwezekana. Mvuvi na askari wa majini walikuwa mtu yuleyule na chombo kilekile. Mwangalieni simba anayegeuka kuwa tezi ya chombo chenye ngome, mtaona fundi alijua anachora nini.

Na kwa ile hoja ya ngao moja kwa miji mingi, nyongeza ndogo. Ya Hastings ina tofauti. Simba wa juu na wa chini wamekatwa na kuunganishwa na tezi, lakini wa katikati ni mzima, anatoka upande mwekundu anapita hadi kwenye buluu akiwa na mkia wake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Hastings ndiyo iliyohesabiwa ya kwanza kwa heshima kati ya zile tano. Ikiwa nembo hizi hazikubeba maana, kwa nini basi mmoja aachwe mzima?

Bint Mvuvi

Mzee, hapo kwenye simba mzima wa Hastings umenipata. Kama walitofautisha hivyo kwa makusudi basi walikuwa wanasoma ngao zao kwa makini. Bado nasema maana ya "mkataba" ni sisi tunaoipa jina hilo, lakini nakubali hawakuchora ovyo.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, mimi nauliza ya pembeni. Huu mji una uhusiano wowote na ule mkate wa kubana nyama katikati?

Tezi na Omo

Uhusiano upo, ni wa cheo. Edward Montagu alipopewa ukabaila mwaka 1660 alichukua jina la mji huu, na mkate ukaja kuitwa kwa jina la mjukuu wa ukoo huo, John Montagu, wa nne kushika cheo hicho. Mji wenyewe haukuutengeneza.

Kama unatafuta cha kusimulia kuhusu Sandwich, chukua hiki. Mwaka 1255 tembo alishushwa pale bandarini. Mfalme Louis IX wa Ufaransa alimpa Henry III zawadi ya tembo, akavushwa kwa chombo hadi Sandwich, kisha akapelekwa London kukaa kwenye Mnara, ngome ya mfalme. Watu walitoka mbali kwenda kumwangalia. Bandari iliyoweza kupokea tembo mwaka 1255 haikuwa bandari ya mchezo.

Au chukua vita vya tarehe 24 Agosti 1217, mbele ya Sandwich. Merikebu za Ufaransa zilikuwa zinaleta askari, kiongozi wao wa majini akiwa Eustace, aliyewahi kuwa mtawa akageuka haramia. Waingereza chini ya Hubert de Burgh waliwaacha wapite kwanza, kisha wakawageukia kutoka upande wa upeponi na kurusha unga wa chokaa. Upepo ukaupeleka kwenye macho ya Wafaransa. Eustace akakamatwa na kukatwa kichwa. Siku ile ni ya Mtakatifu Bartholomew, na hospitali ya Mtakatifu Bartholomew ya pale Sandwich imefungamana na kumbukumbu ya ushindi huo hadi leo. Vita hivi ni sehemu ya kujibu kwa nini wafalme walishikilia sana mkataba na bandari hizi.

Kasia

Mkuu nimeangalia ramani. Sandwich haipo baharini! Iko ndani, kuna mto mwembamba tu. Hiyo bandari iko wapi?

Tezi na Omo

Umeona vizuri. Leo bahari iko kama kilomita 3 kutoka mjini. Hapa ndipo panaponiuma kila nikiisoma habari ya mji huu.

Zamani kulikuwa na mlango wa maji uliokitenga kisiwa cha Thanet na nchi kavu, unaitwa Wantsum. Vyombo vilipita humo badala ya kuzunguka nje kwenye bahari mbaya. Warumi walikuwa na bandari yao ya Rutupiae, leo Richborough, jirani kabisa na Sandwich. Sandwich ilikaa kwenye mdomo wa njia hiyo, na hapo ndipo utajiri ulipotokea.

Bahari ikaanza kuleta mchanga na mto Stour ukaleta tope. Watu nao wakajenga kingo na kugeuza mabwawa ya maji ya chumvi kuwa malisho, na kila eneo lililokaushwa lilipunguza nguvu ya maji ya kupwa na kujaa ambayo ndiyo yaliyokuwa yanausafisha mlango. Wakati uleule vyombo vilikuwa vinakua. Merikebu ya karne ya 13 ilihitaji maji machache, ya karne ya 16 ilihitaji mengi. Kina kikipungua huku vyombo vikiongezeka ukubwa, bandari inakufa kutoka pande mbili.

Wenzake hawakusalimika. Dhoruba kubwa ya mwaka 1287 iliimaliza Winchelsea ya zamani, Edward I akaujenga mji upya juu ya kilima. New Romney iliupoteza mto wake ukahamia Rye, nayo leo iko mbali na maji. Kati ya zile tano, Dover ndiyo iliyobaki bandari kubwa, na hata yenyewe ni kwa kujengewa kuta za mawe.

Sandwich ilipata pigo jingine la mikono ya watu. Agosti 1457 Wafaransa wa Pierre de Brézé walishuka wakauvamia mji, wakachoma, wakaua watu akiwemo meya John Drury. Tangu hapo meya wa Sandwich huvaa joho jeusi badala ya jekundu, kwa kumwombolezea. Hadi leo.

Halafu wafalme wenyewe wakaacha kuwahitaji. Henry VIII alijenga jeshi la maji la kudumu lenye ofisi yake, mwaka 1546. Mfalme mwenye merikebu zake haombi merikebu za Hythe. Mkataba ukabaki, lakini kazi yake ikaisha.

Kilichouokoa mji ni wageni. Mwaka 1561 Malkia Elizabeth I aliruhusu wakimbizi wa dini kutoka Flanders wahamie Sandwich. Walileta ufumaji wa vitambaa na kilimo cha mboga cha kuuza sokoni, na nyumba zenye mapaa ya mtindo wao bado zinaonekana mjini. Mji uliokuwa unakufa kwa kukosa maji ukaishi kwa karoti na sufu. Ngao lakini hawakuibadilisha. Hakuna gurudumu la kusokotea uzi, hakuna mboga. Merikebu tatu zilibaki palepale.

Mkaa Gatini

Niongeze la Great Yarmouth, kwa sababu bila Yarmouth habari haijakamilika. Yarmouth iko juu zaidi, pwani ya Norfolk, na haikuwa kwenye Bandari Tano. Ilikuwa hasimu wao. Nembo yake ni simba watatu wa dhahabu waliokatwa nusu, na nyuma yao badala ya merikebu kuna mikia mitatu ya heringi za fedha!

Ugomvi wao ulikuwa huohuo wa samaki. Kila msimu wa heringi wavuvi wa Bandari Tano walipanda hadi Yarmouth na walikuwa na haki ya kutua ufukweni pale na kukausha nyavu, na wakasimamia gulio la heringi katika mji wa watu. Yarmouth ilipokua ikachoka kutawaliwa kwenye mchanga wake. Mwaka 1297 Edward I alipovuka kwenda Flanders, pande hizi mbili zilimgeukia mgongo adui zikapigana zenyewe, na merikebu za Yarmouth zikachomwa na watu wa Bandari Tano, mfalme akiwa hapohapo.

Husimuliwa kwamba mwanzo ngao ya Yarmouth ilikuwa na heringi watatu wazima, na simba walitolewa na Edward III baada ya vita vya majini vya Sluys mwaka 1340, Yarmouth ilipotoa vyombo vingi. Ninachokiona mimi ni kwamba hasimu alitaka ngao ya aina ileile. Simba nusu alikuwa cheo ambacho bandari ziligombania. Ipswich nayo ina simba upande mmoja na nusu tatu za mashua upande wa pili.

Tezi na Omo

Mkaa Gatini, hili la Yarmouth nililiacha makusudi nikitumaini atatokea wa kulileta, na umelileta vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Mnaona basi. Yarmouth iliweka samaki kwa sababu samaki ndio uhai wake na chanzo cha ugomvi wake. Sandwich nayo ilikuwa na heringi wake 40,000 lakini ikaweka merikebu. Kila mji uliweka nyuma ya simba kile kilichoubana na mfalme.

Mgeni wa Jukwaa

Na siku hizi nembo hii ni ya nani? Mtu yeyote anaweza kuichapa kwenye fulana? Nauliza kwa sababu mimi ni mchoraji na nimeipenda, nataka niichore.

Tezi na Omo

Haki za zamani zilifutwa polepole. Sheria za karne ya 19, hasa ile ya 1855, ziliondoa mamlaka ya kimahakama ya Bandari Tano. Aprili 1974 Sandwich ikapoteza hadhi yake ya manispaa na kuingizwa kwenye wilaya ya Dover. Ikabaki na baraza la mji na meya wake, na baraza hilo ndilo linalotumia nembo. Cheo cha mkuu wa Bandari Tano kipo bado kama heshima, Winston Churchill alikishika kuanzia 1941 hadi kufa kwake 1965.

Kisheria, Uingereza nembo si mali ya kila mtu. Chuo cha nembo kilichoanzishwa mwaka 1484 ndicho kinachosimamia, na ipo mahakama ya pekee ya mambo haya. Mwaka 1954 mahakama hiyo iliitishwa baada ya zaidi ya miaka 200 ya kukaa kimya, kwa sababu jumba moja la maonyesho mjini Manchester lilikuwa linatumia nembo ya jiji. Jiji likashinda. Kwa hiyo kuichora kwa kujifunza ni jambo moja, kuiweka kama alama ya biashara yako ni jingine, usifanye.

Ukichora, zingatia haya. Nyekundu iwe kushoto kwako. Simba wote watazame kwako, si mbele. Mguu unaoinuliwa ni wa kulia wa simba mwenyewe, kwa hiyo ndio ulio mbali nawe. Merikebu ziwe za fedha. Utaona michoro mingine ya Bandari Tano ina merikebu za dhahabu, na zote mbili zinafuata kanuni kwamba dhahabu au fedha inakaa juu ya rangi, haikai juu ya madini mwenzake. Usimchore simba mwenye mkia, na usichore omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Tezi tu. Na kiungo cha simba na chombo kiangukie sawasawa kwenye mstari wa rangi, kisizidi hata kidogo upande wowote, maana wachoraji wengi wa leo hukosea hapo, wanamfanya simba amezwe na merikebu.

Ukimaliza iweke hapa tuione.